Jina Lililoliliwa Msiba

Mtu asiniambie habari ya serikali kuomba radhi. Asiniambie kabisa. Mimi Luciana nimeiona serikali ikiomba radhi, nimeiona kwa macho yangu haya mawili, imevaa kofia, imekalia kiti cha kukunja. Nikisikia watu wanabishana, eti iombe, eti isiombe, huwa nanyanyuka naenda zangu kuchota maji. Leo nitasema kwa kuwa mmeniuliza wenyewe, na nikifoka mnivumilie.

Mama yangu aliitwa Martina, lakini jina hilo alipewa na mapadre. Alizaliwa kijijini kwetu hapa, nusu siku kwa miguu kutoka Issuna, mwaka ambao hakuna aliyeuandika. Alipokuwa na miaka mitano au sita ikaingia njaa. Chifu wa wakati ule, babu yake Chifu Kefa, alikusanya watoto kumi na mmoja wa watu wake, akawapeleka kusini kwenye njia ya misafara, akawabadilisha kwa mtama na nguo. Hakumuuliza mzazi yeyote. Askari wake walimkuta mama anaokota kuni nyuma ya nyumba, wakamwinua na kuni zake mkononi.

Sasa nieleweni hapa, maana ndipo mambo yote yalipo. Katika ukoo wa mama, mtu akichukuliwa hivyo analiliwa msiba. Watu wananyoa vichwa, wanazika kibuyu chake cha uji, na jina lake linafungwa. Likishafungwa halitajwi tena na mtu. Akirudi, akirudi kweli, haruhusiwi kuingia ndani ya ua mpaka nyumba iliyomdhulumu ije na kondoo. Mkubwa wa nyumba ile anaweka maji mdomoni, anamwita yule mtu kwa jina lake mbele ya wote, anasema, "Sisi ndio tuliokufanyia," kisha anamtemea maji yale kifuani. Hapo jina limefunguliwa, na mtu amefufuka. Anayelitaja jina kabla ya kondoo, anamvuta mwenye jina lile aingie kaburini. Ndivyo tulivyolelewa.

Huko Tabora alikofikishwa, mama aliitwa Faida. Faida! Jina la kumwita binadamu hilo? Alikuwa akipigwa mpaka aitike. Alipigwa akaitika mpaka la kwanza likamtoka kichwani, akalisahau kabisa. Alikumbuka jina la kilima chetu, alikumbuka jina la chifu aliyemuuza, lake mwenyewe hakulikumbuka. Aliniambia kwamba anamwona mama yake amesimama mlangoni anamwita, mdomo anauona unafunguka, ila sauti haisikiki. Baadaye mapadre walimkomboa, wakambatiza, akaolewa na kibarua wa reli, na baba yangu akafa kwa homa kabla sijaanza kutembea. Mama akapanda treni ya Mjerumani mpaka Manyoni, mimi mgongoni, kisha akaja kwa miguu mpaka nyumbani kwao.

Walimtambua kwa kovu la moto alilokuwa nalo mguuni. Bibi yangu, yaani mama yake mzazi, alitoka mpaka kwenye mlango wa ua wa minyaa. Akamtazama mwanawe, akafungua mdomo, akaufunga. Akarudi ndani. Hakuwa na roho mbaya, jamani, msije mkamfikiria vibaya. Aliogopa kumwua.

Basi tukajengewa kibanda nje ya ua. Miaka thelathini na minane mama yangu aliishi hatua ishirini kutoka kwa ndugu zake, nje ya minyaa. Ugali ulipitishwa mlangoni. Maziwa yalipitishwa mlangoni. Bibi alipofariki alizikwa ndani ya boma kama ilivyo desturi, na mama alisimama nje akasikiliza udongo unavyoanguka. Siku ile ndipo alipoanza kusema, "Mimi nataka kulala pale kwa mama. Sitaki kingine." Mdogo wake, mjomba Melkiori, aliyezaliwa baada ya mama kuuzwa, ndiye aliyeachiwa boma. Alimpenda dada yake. Kila asubuhi alikuja mlangoni kumwamkia shikamoo kabla hajafungulia ng'ombe. Lakini kumpitisha ndani, hathubutu. "Dada, nina watoto humu," alikuwa anasema, na mama anajibu, "Najua, baba. Kafungulie ng'ombe."

Mama alimwendea Mjerumani, amwamuru chifu alete kondoo, vita ikaja. Akamwendea baba yake Chifu Kefa, akafukuzwa barazani kwa fimbo. Basi mwaka wa arobaini na nane, Kefa alipokalia kiti, kijana aliyesoma, anayevaa saa ya mkono, nikasema huyu ndiye. Nikamshika mama mkono tukaenda.

Kefa alimsikiliza, hilo nampa. Alimpa kigoda. Alimwamkia. Kisha akasema, "Bibi, kama mambo yangekuwa yangu mimi Kefa, kondoo ningemleta kesho. Lakini mimi sasa ni serikali. Serikali haiwezi kuomba radhi mpaka serikali kubwa iruhusu."

"Babu yako aliponiuza aliomba ruhusa kwa nani?" mama akamuuliza.

Watu barazani wakainamisha vichwa. Karani wa baraza, Bonifasi, akajifanya anachonga penseli.

Shauri likapelekwa bomani kwa Bwana Shauri, Mwingereza mkuu wa wilaya. Bwana Shauri akasema kwamba serikali ya Mfalme ndiyo iliyokomesha utumwa, sasa aliyekomesha aombe radhi ya nini? Waarabu ndio waombe. Tukasema, hatukuja kwako ili wewe uombe radhi, tunamtaka Kefa, wewe mpe ruhusa tu. Akasema Kefa akiomba kwa mmoja watakuja mia, na chifu anayeungama mbele ya watu hataheshimiwa tena. Akasema ataandika Dodoma. Dodoma nako wakaandika kwingine. Mimi nilikuwa nakwenda barazani kila mwezi, nikitoka mnadani Sepuka napitia, na Bonifasi akiniona tu anasema, "Bi Luciana, faili bado liko juu." Juu wapi? Ningejua kuna mti nisingeshindwa kupanda.

Mwaka mmoja ukaisha. Wa pili ukaisha. Wa tatu, karatasi ikaja. Bonifasi alitusomea mwenyewe mbele ya kibanda. Ilisema serikali inasikitishwa na mambo yaliyotokea zamani, na Chifu ameruhusiwa kufanya mila pamoja na mama, na Bwana Shauri mwenyewe atahudhuria, tarehe kumi na nne mwezi wa Agosti.

"Yaliyotokea," mama akasema. "Mvua ndiyo inayotokea. Mimi nilibebwa na watu wenye mikono." Lakini nilimwona anachekelea. Alichukua majivu akaanza kusugua bangili zake za shaba, na Agosti ilikuwa bado wiki tano.

Mtu mmoja tu duniani alikuwa analijua jina lile: dada yake mama, mama mkubwa Hana. Wengine wote waliomjua mama akiwa mtoto walikwisha kufa. Mama mkubwa alilibeba jina miaka zaidi ya sitini bila kulitamka hata usingizini, na yeye ndiye angemnong'oneza Kefa sikioni siku ya kondoo, ili Kefa alitamke. Ndiyo desturi, jina linatunzwa na mkubwa wa waliolia.

Tarehe kumi mama mkubwa akashikwa na kifua. Kumi na mbili hakuweza kukaa. Nikahamia ndani ya ua kumuuguza, kwa sababu mimi nilikuwa naruhusiwa kuingia, mimi sikuliliwa na mtu. Tarehe kumi na tatu mchana, namlisha uji, akanishika mkono. Akasema, "Luciana, nisikilize. Sina nguvu ya kufika kesho. Nikwambie jina la mama yako."

Mimi nikamziba mdomo.

Nilimziba kwa kiganja hiki. Mimi, mtu wa kula sakramenti, rozari ikiwa shingoni, niliogopa asije akalitaja kabla ya kondoo akamwua mama yangu. Nikamwambia, "Usiseme, mama mkubwa! Vumilia. Ni kesho tu. Serikali imeandika, kesho wanakuja." Alinitazama juu ya vidole vyangu. Nilipouondoa mkono hakusema tena, akageukia ukutani.

Kumi na nne tulifagia toka alfajiri. Mjomba alikuwa amepika pombe ya mtama mapipa mawili. Jua likapanda, mama mkubwa bado ana fahamu, anauliza kwa ishara, wamefika? Nikasema wako njiani. Saa sita nikasema wako njiani. Saa tisa ulimi ukawa mzito, akawa anatoa sauti tu ambazo sikuzielewa. Saa kumi na moja akaja tarishi na baiskeli, akasema Bwana Shauri amekwenda Manyoni kumpokea mkubwa wake, shughuli imesogezwa mbele mwezi mmoja, na Chifu anawasalimu.

Mama mkubwa Hana alifariki kesho yake. Mama aliuliza kutoka nje ya minyaa, "Luciana, amesema kitu?" Nikasema hapana. Nilikuwa sijasema uongo, na nilikuwa nimesema uongo. Majuto ni mjukuu, wanasema. Mimi kwangu hakusubiri kuzaliwa, alikuwa tayari ameketi mapajani.

Basi Septemba wakaja. Gari la Bwana Shauri, kiti cha kukunja, Chifu Kefa na suti na kofia, askari wanne, na kondoo mwenyewe, kondoo mzuri mwenye mkia wa mafuta, sitasema uongo. Watu walijaa mpaka kwenye mashamba. Mama aliketi nje ya mlango wa ua, amevaa kaniki mpya, bangili zinang'aa. Mjomba Melkiori alisimama ndani, mlangoni, tayari kumpokea.

Kefa alisoma karatasi ya serikali kwanza. Inasikitishwa, inasikitishwa. Bonifasi akawa anamtafsiria Bwana Shauri, naye anatikisa kichwa kukubali. Kisha Kefa akaweka karatasi chini, akavua kofia, na hapo, nitamsifu, alisema kwa lugha ya nyumbani, bila kusoma, "Babu yangu alikuuza. Nyumba yangu ilikula mtama wa mwili wako. Sisi ndio tuliokufanyia." Wanawake wakaanza kulia. Mama hakulia, alikuwa amenyoosha shingo anasubiri. Kefa akapewa kibuyu cha maji. Akakisogeza mdomoni. Akasita.

"Nimwite nani?" akauliza.

Mjomba alinitazama mimi, maana mimi ndiye niliyemuuguza mama mkubwa. Watu wote wakanitazama.

"Martina," Kefa akasema kwa haraka, ili aondoe aibu.

"Martina hakuuzwa na mtu," mjomba akasema. "Martina alibatizwa. Mwite yule mliyemchukua."

Bonifasi akafungua faili lao. Akapekua, akapekua. Akasoma, "Mtoto wa kike, mmoja." Akafunga. Bwana Shauri akauliza tatizo nini, akaelezwa, akacheka kidogo, si kwa ubaya, akasema kwani hawawezi kumpa jina lolote? Majina yako mengi. Na jua lilikuwa linakwenda.

Mimi nikapiga magoti pale pale mavumbini. Nikasema yote, kiganja, uji, kesho tu, serikali imeandika. Nilikuwa namwambia mama lakini nilipiga kelele mpaka Bwana Shauri akasimama. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia Kefa akasema kwa upole, "Baba, maji yako mazuri, lakini mimi si yeye. Umtemee nani?"

Kefa akatazama huku na huku. Bwana Shauri akamwambia neno kwa Kiingereza. Basi, kwa sababu watu walikuwa wamekusanyika na gari lilikuwa linasubiri, Kefa akaweka maji mdomoni, akasema "Martina" kwa mara ya pili, akamtemea mama kifuani. Askari wakapiga makofi. Kondoo akachinjwa, nyama ikaliwa, na Bonifasi akaandika kwenye faili.

Mjomba Melkiori alikaa katikati ya mlango, amefunika uso kwa mikono. Hakusema pita na hakusema usipite. Mama alimwambia, "Inuka, baba, ng'ombe wanarudi," akarudi kibandani kwake.

Nilimfuata. Nikamwambia, "Mama, nisamehe." Akajibu papo hapo, hata sikumaliza, "Nimekusamehe." Nikalia, nikasema mbona rahisi hivyo? Akasema, "Umeniita mama nikaitika. Wewe unajua unamwomba nani." Nilitamani anipige.

Baada ya hapo akaanza kunyauka. Chakula akigusa tu. Mwezi wa kumi hakuinuka tena kitandani. Asubuhi moja akaniita, akasema, "Luciana, niite."

"Nikuite nini, mama?"

"Majina ya wasichana wa kwetu. Yote unayoyajua. Jaribu moja moja."

Nikasema sithubutu, nikilipata nitakuua. Akacheka, kicheko chake kile cha puani. "Ebo! Nina miaka sabini, nalala nje ya ua, na wewe unaogopa nisije nikafa? Niite, mtoto."

Nikaanza. Nilimwita majina ya shangazi zangu, ya bibi zangu, ya wanawake waliokufa, ya watoto wanaonyonya. Siku ya kwanza alitikisa kichwa kwa kila moja. Siku ya pili nikakaa mlangoni, mgongo kwake, nachambua mtama, naita tu. Nilikuwa nimekwisha kukata tamaa, naita kama mtu anayehesabu. Nikatamka jina moja, la zamani, ambalo nililisikia mara moja tu utotoni kwa mzee fulani mpita njia.

"Abee," sauti ikaitika nyuma yangu.

Haikuwa sauti ya mama. Nakuapieni, ilikuwa sauti ya mtoto mdogo, nyembamba, ya mtoto aliyeko mbali kidogo na nyumba anayeitwa arudi. Niligeuka. Mama amekaa, mwenyewe, hakushikwa na mtu, macho yako wazi, uso umelowa machozi. "Ndiyo mimi," akasema. "Luciana, ndiyo mimi huyo. Kamwite Kefa. Upesi."

Nilikimbia. Mtu wa miaka karibu arobaini, nimejifunga kanga kiunoni, nilikimbia mpaka barazani bila kupumzika. Chifu Kefa hakuwapo, yuko mkutanoni bomani. Bonifasi alikuwapo. Nikamwambia tumelipata, kondoo si lazima awe mkubwa, hata mwanakondoo, hata kama hakuna kondoo, Chifu aje tu na maji, aje kulitamka mara moja. Nilimpigia magoti Bonifasi, mtoto niliyemwona akizaliwa.

Alinisikitikia. Aliniinua. Akalitoa faili akanionyesha ukurasa wa mwisho, muhuri mwekundu. "Bi Luciana, shauri hili limefungwa Septemba. Barua imekwisha kwenda mpaka Dodoma kwamba limetimizwa. Serikali imekwisha kuomba radhi."

"Iliomba kwa mtu asiyekuwapo!"

"Iliomba," akasema. "Haiwezi kuomba mara mbili."

Niliporudi jua lilikuwa limeinama. Mjomba Melkiori alikuwa ndani ya kibanda, ameshika mkono wa dada yake, na mkono ulikuwa umekwisha kupoa. Mama alikufa anasubiri. Mjomba akaniuliza, "Wanakuja?" Nikasema hapana. Akaniuliza, "Ulilitaja?" Nikasema ndiyo. Mimi mpaka leo sijui kama ni uzee uliomwua, au ni mimi.

Tulimzika nje ya ua. Mjomba alichimba mwenyewe, karibu na minyaa kadiri alivyothubutu, na upande wa pili, hatua tatu, ndipo alipolala bibi. Padre alisoma sala akamtaja Martina. Jina lile jingine ninalo mimi, sasa ni mimi peke yangu, na kifua changu hakiko vizuri mwaka huu. Wanangu wananiomba niwaambie. Nawaambia wasubiri, kondoo bado.